Mbege Hupikwa kwa Hesabu ya Siku

Watu wengi wanaofika Moshi huinua macho juu. Hutafuta theluji ya Kibo, kilele chenye urefu wa mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, na wakishaiona huhesabu kwamba Kilimanjaro wameimaliza. Ndugu msomaji, safari hii nakuomba uyashushe macho. Utazame chini ya mawingu na chini ya msitu, mahali ambapo moshi mwembamba wa kuni hupenya majani ya migomba na kupotea. Chini ya moshi huo, mara nyingi, kuna chungu kikubwa au sufuria pana, na pembeni yake kuna mama anayehesabu siku kwa vidole vyake. Anapika mbege.

Ukitaka kumfikia, shika barabara kuu inayotoka Moshi kwenda Himo, mwendo wa kilomita 25 hivi. Himo ni njia panda ya tambarare, yenye joto na vumbi. Njia moja huendelea hadi Holili na mpaka wa Kenya. Nyingine hugeuka kusini kuelekea Mwanga, Same na hatimaye Dar es Salaam. Wewe fuata ile inayopanda kaskazini. Katika dakika chache utaona ardhi ikibadilika kana kwamba umefunguliwa mlango wa nyumba nyingine. Mashamba ya mahindi yanabaki nyuma, upepo unakuwa mwanana, na migomba inaisogelea barabara pande zote mbili. Ukifika Marangu Mtoni, wapanda mlima watakata kushoto kwenda kwenye lango la hifadhi. Waache waende. Sisi tunakata kulia, kuelekea Mwika na mpakani mwa Rombo.

Huku ndiko kuliko vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachaga, yaliyotapakaa kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Kihamba ni shamba na ua kwa pamoja, na kwa wengi ni makaburi ya wazee pia. Juu kabisa husimama miti mirefu ya kivuli. Chini yake migomba. Chini ya migomba kahawa. Na chini ya kahawa magimbi, maharage na majani ya ng'ombe. Maji yaliletwa na mifongo, mifereji iliyochimbwa na mababu kutoka mito ya juu, nayo mingine ingali inatiririka. Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la chakula na kilimo, umeitambua kilimo cha namna hii, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia. Mwenyeji hakuhitaji cheti ili alijue hilo. Anajua kwamba asipokuwa na kihamba hana mgomba, na asipokuwa na mgomba hana la kumkaribishia mgeni.

Mgomba wa Mama

Kabla hatujaingia uani, yafaa tuelewe nani ni mwenye nini. Kwa desturi za Uchagani, kahawa ilikuwa zao la baba. Wamisionari ndio walioileta mlimani mwishoni mwa karne ya 19. Wakulima wakaunda chama chao cha kwanza mwaka 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa ushirika mashuhuri wa KNCU. Fedha za kahawa ziliingia kwa jina la baba, zikajenga nyumba za bati na kusomesha watoto wengi.

Ndizi zilibaki mikononi mwa mama. Yeye ndiye aliyeamua mkungu upi uende chunguni, upi uende sokoni, na upi uvundikwe kwa ajili ya pombe. Ziko ndizi za kila kazi. Mchare ni ya chakula. Heshima yake ni mtori na ndizi za nyama, wala hakuna mama mwenye akili timamu atakayeipoteza kwenye pombe wakati watoto wana njaa. Kwa mbege huchaguliwa mikungu mingine, yenye ndizi zinazoiva vizuri na kutoa utamu mwingi.

Mkataba wa kimataifa wa mgao wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989 na bei kuporomoka duniani kote, fedha za baba zilipungua katika nyumba nyingi za mlimani. Mikahawa mingine ilizeeka bila kupandwa upya, na mingine iling'olewa. Migomba ikabaki imesimama. Kwa hiyo, ndugu msomaji, unapoliona lile chungu la mbege usilione kama jambo la anasa peke yake. Katika kaya nyingi fedha ya chungu hicho ndiyo inayonunua chumvi, sabuni, madaftari na sare za shule. Ndiyo maana hesabu yake haifanywi ovyo.

Kuhesabu Kutoka Mwisho

Fundi wa mbege huanza kuhesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo. Chukua mfano wa ubatizo utakaofanyika siku ya Jumamosi. Mbege ni pombe isiyongoja. Siku yake ya kwanza ni tamu na laini. Siku ya pili imekomaa na kushika nguvu. Siku ya tatu na kuendelea huanza kuchacha, na mwishoni hufaa kumwagwa. Hakuna chupa wala kizibo kitakachoizuia. Basi lazima iwe tayari Jumamosi asubuhi, isiwe Alhamisi wala Jumatatu.

Ili inyweke Jumamosi, sharti ichanganywe Ijumaa. Ili ichanganywe Ijumaa, maji ya ndizi lazima yawe yamekwisha kuumuka, nayo huhitaji siku tatu hivi; kwa hiyo ndizi zichemshwe Jumatatu au Jumanne. Ili zichemshwe Jumanne, ziwe zimeiva kabisa. Na kwa kuwa huvundikwa siku nne, tano au sita, mikungu ikatwe Jumatano au Alhamisi ya wiki iliyotangulia. Wakati huo huo ulezi nao una safari yake, kama tutakavyoona. Ukijumlisha, utaona kwamba kinywaji kitakachokwisha kwa alasiri moja kilianza kushughulikiwa siku kumi kabla.

Hesabu hiyo nayo hubadilika kufuata majira. Mwezi Juni na Julai, baridi inaposhuka kutoka mlimani na ukungu kukaa hadi saa nne asubuhi, ndizi huchelewa kuiva na maji yake huchelewa kuumuka. Mpishi huongeza siku moja au mbili, au huviweka vyombo vyake karibu na jiko. Wakati wa joto mambo huenda mbio, na anayelala siku moja zaidi huamka akute siki. Mama aliyezoea hatazami kalenda tu, husikiliza chombo. Povu likiwa linalia taratibu kama mvua ya mbali, kazi inaendelea. Likinyamaza, wakati umefika.

Ndizi zenyewe huvundikwa kwa kufunikwa majani makavu ya migomba, shimoni au ndani ya chombo, au hupandishwa darini juu ya jiko ambako joto la moto huziivisha. Zikishaiva humenywa, hutiwa maji na kuchemshwa kwa saa nyingi, hadi weupe wake ugeuke rangi ya hudhurungi na harufu yake ienee hadi kwa jirani. Kisha huachwa zipoe na kuumuka. Rojo hilo linalotokota bila moto wenyewe huliita nyalu. Siku ya kuchanganya huchujwa, na makapi yake hayatupwi: ng'ombe na nguruwe wanayasubiri.

Safari ya Ulezi

Kama ndizi ni mama wa mbege, ulezi ndio baba yake. Zamani ulezi ulilimwa na Wachaga wenyewe, na maji ya mifongo yaliuteremkia hadi kwenye mashamba ya chini. Ardhi iliposongamana, sehemu kubwa ya mahitaji ikawa inaletwa kutoka mikoa ya mbali, Rukwa ikiwa mojawapo ya maeneo makubwa ya zao hilo nchini. Hivyo mama wa Mwika anaponunua debe la ulezi sokoni, ananunua pia nauli ya lori na faida ya wachuuzi wa katikati. Ndizi ni zake. Ulezi ni wa fedha taslimu. Hapo ndipo faida yake hupatikana au hupotea.

Ulezi hupepetwa, huoshwa, hulowekwa kwa siku moja, kisha hufunikwa kwa majani ya migomba mahali penye joto na unyevu. Baada ya siku mbili au tatu kila punje huwa imetoa kimzizi cheupe, na zote hushikana kama mkeka. Hicho ni kimea. Huachanishwa kwa mikono, huanikwa juani hadi kikauke kabisa, ndipo husagwa.

Pengine utauliza kwa nini punje zioteshwe, na zisisagwe tu kama za uji. Jibu la wataalamu linafanana na la bibi zetu, isipokuwa maneno. Punje ya nafaka ni ghala lililofungwa. Ndani yake mna wanga, ambao hamira haiwezi kuula. Punje inapoota hutengeneza vimeng'enya, vitu vya asili vinavyoufungua wanga huo na kuugeuza sukari ili mche mchanga upate kula. Mpishi wa pombe humkatiza mche njiani: huukausha kabla haujaila sukari yote, akabaki na unga wenye funguo zake ndani. Hamira za asili, zinazoishi kwenye maganda ya matunda, katika vyombo na hata hewani, ndizo zinazoila sukari na kuigeuza kileo.

Kimea kilichokauka vizuri kina faida nyingine kwa mpangaji: kinangoja. Kinaweza kuwekwa kwa majuma kadhaa mahali pakavu. Ndiyo maana mama mwenye akiba ya akili, ajuaye kwamba Desemba ni mwezi wa sherehe lakini pia ni mwezi wa mvua za vuli, huutafuta ulezi mapema na kuuanika jua lingalipo. Yule asiyepanga utamwona mwezi huo akikimbiza ungo wake kila wingu linapotanda, na kimea kilicholowa hushika ukungu na harufu mbaya. Kimea chenye ukungu kisipikwe wala kisipewe mnyama. Kimwagwe.

Gome Chungu na Kata Moja

Siku ya kuchanganya unga wa kimea hupikwa uji mwepesi, ambao huitwa mso, ukaachwa upoe. Kisha mso na maji ya ndizi yaliyochujwa hukutanishwa. Hapo ndipo ufundi wa kila nyumba hujulikana. Mso ukizidi, pombe huwa nzito kama chakula; maji ya ndizi yakizidi, huwa kali na nyepesi. Hakuna kipimo kilichoandikwa. Mpishi huikumbuka pombe yake iliyopita, walioisifu na waliokunja uso, akairekebisha hii. Tena huangalia usafi wa vyombo, maana pipa linalonuka siki huiharibu pombe mpya hata kama kila kitu kingine kilifanywa sawasawa.

Kitu cha tatu ni msesewe. Ni gome la mti ambao wataalamu wa mimea huuita Rauvolfia caffra, nalo ni chungu kama shubiri. Kiasi kidogo tu ndicho kinachotiwa ili kuukata utamu wa ndizi na kuipa mbege ule uchungu ambao mnywaji wa mlimani huutambua gizani. Hapa pana neno la kuwaambia vijana. Mti unaochunwa gome upande mmoja, kwa kiasi, huponya kidonda chake. Unaochunwa kuuzunguka mzima hufa umesimama. Msesewe ni mti wa kivuli na wa pembezoni mwa maji. Anayeumaliza leo kwa pombe ya leo anakata uchungu wa pombe za wajukuu wake.

Basi mbege hulala usiku mmoja, na asubuhi huwa tayari. Anayeionja kwanza ni mwenye pombe mwenyewe, mbele ya wageni wake, ili wote waone kwamba kilichomo ni salama. Kisha kata hupewa wazee kwa kufuata umri. Kijana huipokea kwa mikono miwili, na haulizi kwa nini zamu yake imechelewa. Kata moja huzunguka watu wengi. Na ingawa siku hizi wengi hutumia vikombe na mitungi ya plastiki, jambo lisilo baya kwa afya, bado utawaona wazee wanaoona kwamba mbege ya kikombe haina mazungumzo.

Katika mazungumzo hayo mna mambo mazito. Anayekwenda kuposa hubeba mbege. Kikao cha mahari hakifunguliwi kwa mikono mitupu. Waliogombana kwa ajili ya mpaka wa kihamba hupatanishwa kwa jani la sale, mmea wa amani unaooteshwa mipakani, na baada ya sale hufuata pombe. Mfiwa hupelekewa. Aliyejenga humwita aliyemsaidia. Kwa kuwa mbege haiwezi kufichwa kabatini hadi mwakani, aliyepika nyingi hana budi kuita watu. Uharibifu wake wa haraka, unaomtia hasara mfanyabiashara, ndio uliomfanya jirani kuwa jirani.

Upande wa Pili wa Kata

Ukurasa huu ni wa familia, na ingekuwa udanganyifu kukusimulia harufu nzuri ya chungu na kuunyamazia upande wa pili. Pombe ile ile inayolipa ada ya mtoto inaweza kuinywa ada hiyo. Katika kila tarafa ya mlima utaonyeshwa nyumba ambayo baba huondoka na jua la saa tatu kwenda kilabuni, akarudi usiku akitaka chakula ambacho hakukiacha. Mwaka 1997, watafiti Mary Howard na Ann Millard walichapisha kitabu kizima juu ya utapiamlo wa watoto na umaskini katika Mlima Kilimanjaro, mahali ambapo mgeni huona kijani tupu na kudhani hakuna njaa. Njaa ya mtoto aweza kukaa chini ya mgomba uliozaa, kama fedha na wakati wa wakubwa vimekwenda mahali pengine.

Sheria imejaribu kuweka mipaka. Sheria ya vileo ya mwaka 1968 iliiweka biashara ya pombe za kienyeji chini ya vibali. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1966, ilitungwa sheria ya kudhibiti utengenezaji wa moshi, na wenyeji wa mji wa Moshi wasikasirike: moshi huo ni gongo, pombe inayokenekwa. Msomaji asichanganye mambo mawili haya. Mbege huumuka tu, haikenekwi. Gongo hukenekwa katika mitambo ya kificho, haina kipimo, na imepofusha na kuua watu. Fundi wa mbege anayejiheshimu hataki jina lake litajwe pamoja nalo.

Lakini sheria hukaa barabarani, na mambo mengi ya pombe hukaa jikoni. Jikoni mamlaka ni ya mama, nayo huanzia katika lile debe la ulezi. Ulezi ni nafaka yenye madini ya kalisi mengi kuliko karibu nafaka zote tunazokula, madini yanayojenga mifupa na meno. Na kimea kile kile cha kupikia pombe kina kazi nyingine ambayo watu wengi hawaijui.

Mtoto mdogo ana tumbo dogo. Uji mwepesi anaopewa hujaa maji na kumshibisha kabla hajapata nguvu za kutosha. Uji mzito unamshinda kumeza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa lishe wa nchi hii, kupitia Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoanzishwa mwaka 1973, walilitafutia jambo hili dawa, nayo waliikuta uani kwa wapika pombe. Mwaka 1983 watafiti Mosha na Svanberg walichapisha matokeo ya kutumia unga wa nafaka iliyooteshwa katika chakula cha watoto, na baadaye wakaujaribu utaratibu huo katika kijiji cha Luganga, mkoani Iringa. Ukipika uji mzito, ukaupoza kidogo hadi uwe vuguvugu, kisha ukakoroga humo kijiko cha unga wa kimea, ule uji hulegea mbele ya macho yako na kuwa wa kunyweka, bila kuongezwa maji. Vimeng'enya vile vile vinavyofungua wanga kwa ajili ya hamira hufungua wanga kwa ajili ya mtoto. Baada ya hapo urudishwe motoni uchemke tena, kwa usalama, kabla ya kupoa na kunywewa. Hapo mtoto hupata chakula kingi ndani ya kikombe kile kile. Hakuna kileo ndani yake, kwa maana haujaachwa uumuke.

Tazama basi, ndugu msomaji, jinsi njia mbili zinavyotoka katika ungo mmoja. Kimea kimeanikwa uani. Kiganja kimoja kinaweza kwenda kwenye pipa na kingine kwenye kikombe cha mtoto. Mtu wa kuamua ni yule aliyelowesha ulezi. Ndiyo maana nasema kwamba kupanga pombe ni kupanga nyumba. Mama anayejua tangu Jumatano ulezi wake umemgharimu kiasi gani, kuni kiasi gani, na madebe mangapi yatauzwa, anajua pia kiasi gani kitolewe pembeni kabla mnywaji wa kwanza hajabisha hodi. Asiyepanga hugundua Jumapili jioni kwamba pipa ni tupu, wakopaji ni wengi, na mfuko una sarafu.

Kuni na Kesho

Kuni nazo si jambo dogo. Kuchemsha ndizi kwa saa nyingi ni kula mti. Zamani akina mama walipanda kwenda msituni, katika ule ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 kwa matumizi ya wananchi. Mwaka 2005 msitu wa mlima uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa, na milango ya kuokota kuni ikabana. Leo wengi hutegemea matawi ya migrivea iliyopandwa vihambani. Kwa hiyo anayepanga pombe ya Krismasi hana budi kupogoa matawi yake Agosti au Septemba ili yakauke. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi, huumiza macho na kifua, na huiva yeye mpishi kabla ya ndizi. Jiko lililojengwa vizuri, lenye kuta na bomba la moshi, hupunguza kuni na humhifadhi mpishi. Halmashauri za vijiji na vikundi vya akina mama wangefanya jambo la maana kulipa jiko nafasi katika mikutano yao.

Tena pana swali la nani atarithi ufundi huu. Vijana wengi wa mlima wako Arusha, Dar es Salaam na mbali zaidi. Hurudi Desemba kwa maelfu. Barabara ya Himo hujaa magari, nyumba zilizofungwa mwaka mzima hufunguliwa, na kila mmoja huuliza kama mbege ipo. Wachache huuliza ilipikwaje. Bia ya kiwandani hununuliwa kwa kreti na haihitaji siku kumi. Lakini kreti halimwiti jirani, halina machicha ya kumlisha nguruwe, wala halimwachii mama wa nyumba chochote zaidi ya chupa za kurudisha.

Ikiwa basi utafunga safari hiyo, panda taratibu. Ukiingia uani kwa watu, wape shikamoo wakubwa na usubiri kukaribishwa. Ukipewa kata, ipokee kwa mikono miwili, onja, shukuru, na usishindane na wenyeji katika kunywa, maana mbege ni tamu mdomoni na ni nzito miguuni. Anayeendesha gari asinywe kabisa. Mjamzito naye aiache, na watoto wasionjeshwe hata kwa mzaha, ijapokuwa wazee fulani watakuambia kwamba wao walionjeshwa.

Kisha, kabla ya kuondoka, zungumza na mama mwenye chungu. Muulize pombe yake ijayo ataipika lini. Hatakujibu kwa neno moja. Atatazama migomba kuona mkungu upi umejaa, atatazama mbingu upande wa Mawenzi, atamtaja mwenye ubatizo na mwenye kuposa, atataja bei ya ulezi sokoni Mwika, na tarehe ya kufungua shule. Ukimsikiliza hadi mwisho utakuwa umesikia mipango ya kaya nzima. Mnunulie kwa bei yake bila kubishana. Na ukiona uani kimea kimeanikwa, mkumbushe, kwa heshima, habari ya kikombe cha mtoto. Na kama tayari anaijua, msifu, kisha umpelekee habari hiyo jirani yake.